Bamia Saba

Kipupwe cha Kisauni, hakiui, chatambaa,
Kikipenya ukutani, sweta langu nalivaa;
Mvua imo pipani, na mbu hawajazaa,
Naingia bustanini: hatua tano, na taa.

Mronge naupogoa, umepita dirishani,
Magugu ninayang'oa, na goti li matatani;
Madebe nayatoboa, maji yasioze ndani,
Jongoo ninamwokoa, apite zake pembeni.

Mwanamkasi hucheka, "Shamba hilo la kijiko!"
Samadi niliyoweka, ni ya mbuzi wake huko;
Kisha jana akataka mchicha, tena mfuko!
Nikampa, akatoka, akikificha kicheko.

Leo nimechuma nini? Bamia saba kamili,
Mbilimbi kumi sahani, pilipili mbili kali;
Nyanya moja, na shavuni konokono kala kweli.
Nazipanga mkekani, kama mtu mwenye mali.

Sita zatosha mchuzi; ya saba, ngumu, naacha
Ikauke kwenye uzi, mbegu zisije kuchacha.
Hayati Mbaruku, mwizi! Kitambaani kaficha
Punje tano; ndizo hizi, kila Julai kukicha.

Za bustani ya tajiri, kule Nyali, alofyeka;
Mshahara si mzuri, kajilipa kwa haraka.
Nami nikamsitiri, kwa miaka na miaka,
Bamia haina siri: ukipanda, itazuka.

Nazima taa, nakaa, udongo umo kuchani;
Kipupwe kinatambaa, kinarejea pipani.