Fundi wa Mifereji na Barua ya Saba

Jumamosi usiku, kanisani, Kariobangi Kusini.
Nimelala chali chini ya kisima cha ubatizo,
spana mkononi, tochi mdomoni,
na kesho mimi ndiye msomaji wa somo la pili.

Kisima kina vigae vya buluu. Kina hita.
Baraza lilipiga kura, tisa kwa mbili,
waongofu wa Julai wasitetemeke mbele ya wageni.
Mzee Onderi alisema, "Siku hizi hatukosi kitu,"
na katibu akayaandika hayo kwa wino.
Kura mbili za kukataa: ya Zipora Khavere,
na yangu, mkono nikiuinua hadi begani tu.

Hita inanguruma tangu alasiri.
Nazamisha kiwiko, kama mama apimaye maji ya mtoto.
Si moto.
Si baridi.
Nikacheka peke yangu,
kicheko kikagonga mabati kikanirudia.

Kwa maana barua hiyo nimetembea nayo wiki nzima
mfukoni mwa ovaroli, karatasi imelowa grisi.
Mahubiri yake nimeyasikia mengi: uvuguvugu ni moyo, ni sadaka ndogo.
Sijasikia mhubiri akiuliza maji yalitoka wapi.
Mimi niliuliza. Ndiyo kazi inayonilisha.

Walaodikia hawakuwa na chemchemi ya kutosha.
Jirani wa huku alikuwa na maji ya moto ya kukanda viungo,
jirani wa kule, ya baridi ya kufufua koo,
wao wakaletewa kwa mabomba ya mawe
maji yaliyochokea njiani,
yenye chokaa, ya kumtapisha mgeni.
Watu hao nawajua. Nimewafungia mita.
Sisi nasi twanywa mlima wa wengine:
maji yanatoka Ndakaini,
yanapita Gigiri kwa wenye nyasi za kunyweshwa,
yanatufikia Alhamisi, yakipenda,
rangi ya chai ya msibani.

Zile barua nyingine sita,
nipe baiskeli nitazifikisha kabla ya chakula cha mchana.
Smirna wako ng'ambo ya mto, Korogocho,
waliabudu chini ya turubai mpaka tingatinga likaja,
sasa wanaabudu bila turubai.
Sardi wana bango la taa linalowaka usiku kucha
juu ya viti mia tatu na mlinzi mmoja.
Ya Filadelfia ningempa Zipora mkononi.
Hana nguvu nyingi. Mlango wake haujui komeo.

Yeye alibatizwa Mto Ruiru, alfajiri, mwezi kama huu,
wanne wameshikana mikono, ukungu hadi kifuani.
Anasema aliingia na jina la babake
akatoka na jipya asiloweza kulitamka,
meno yalivyokuwa yakigongana.
Hadi leo akilitaja hulitaja kwa kutetemeka kidogo,
nami nilidhani ni uzee.

Saa nane. Nimekaa ukingoni, miguu majini,
nafanya mazoezi ya kusoma kwa sauti.
Nimefika pale penye mlango,
na ukutani, nyuma ya madhabahu:
ngo.
Ngo ngo.

Ni hewa. Najua.
Bomba likikaa tupu siku tano, maji yakirudi
hubisha hodi kila kona.
Naweza kukuchorea kwa kalamu, presha na valvu,
mwanafunzi wangu Kiptanui ameielewa kwa siku moja.
Ngo ngo ngo.
Mbele yangu koki mbili, ya hita na ya mtaani.
"Karibu," nasikia mtu akisema kwa sauti yangu,
na mkono, bila kura ya baraza,
unaifunga ile, unaifungua hii.

Yanaingia kwa kukohoa, mekundu, kisha meupe,
baridi ya kuuma vifundo.
Siondoi miguu.

Asubuhi Mzee Onderi ataniuliza.
Jibu nimeshaliandaa:
fyuzi.