Herufi Tatu

Tha, dhali, dhaa:
ncha ya ulimi
ikiegemea ncha za meno ya juu.
Miaka thelathini na minne nimezipanda
vinywani mwa watoto wa Langoni,
na sasa zimenihama mimi.

Nasema dhahabu, inatoka zahabu.
Nasema thawabu, unatoka upepo.
Famau, wa miaka saba, pengo mbele,
akanyosha mkono:
"Mwalimu, mimi na wewe hatuna.
Langu litaota. Lako je?"
Chuo kizima kikacheka. Nikacheka nami,
kiganja mdomoni.

Malindi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa,
Daktari Umukheri akawasha picha ya kichwa changu.
Sikujijua.
"Hapa palikuwa na taya," akasema,
kalamu ikifuata mstari mwembamba
kama ukingo wa kikombe cha kahawa.
Meno ya kubandika nimeyavaa miaka kumi na tisa,
na mfupa usio na jino la kushika
hujiona hauna kazi,
hujiondokea taratibu, bila kuaga.

Nikamwambia, kwetu kuna ukuta wa hivyo,
upande wa msalani. Chumvi imeula.
Ukipigilia msumari, unarudi na mchanga wake.
Marehemu mume wangu alitundika saa mara tatu.
"Basi ndiyo hiyo," akasema.

Akanihesabia.
Kuchonga kipande cha nyonga, kukipandikiza tayani,
kungoja miezi tisa
(mimba nzima, nikasema, kwa umri huu!)
ndipo skrubu.
Au skrubu ndefu, zipite kando ya taya
zikang'ate mfupa wa shavu, ambao haukuliwa,
kama boriti inayoruka ukuta mbovu
ikalalie wa jirani.
Hizo ni Mombasa. Bei aliiandika
kwenye karatasi, hakuitamka.
Au juu paachwe palivyo,
chini niwekewe vishikizo viwili tu,
meno yabane tap! kama kifungo cha buibui.
"Na sukari yako ishuke kwanza, vyovyote utakavyochagua."

Nikauliza swali moja:
ipi itanirudishia dhali?

Akanyamaza. Wengine humuuliza nyama,
humuuliza picha za harusi.
Akalainisha nta ya waridi juu ya moto mdogo,
akaifinyanga ukingo, akaibandika
pale meno yalipokuwa.
"Usitafune. Sema."

Ulimi ukaenda wenyewe,
kama mkono unaopapasa swichi gizani
katika nyumba uliyohama zamani.
Ukagusa.
Dha.
Dhahabu. Dhiki. Adhuhuri. Thumni.
Nta ilikuwa na ladha ya mshumaa.
Niliendelea kusema hadi ikaanza kulegea,
na daktari hakunikatiza.

Usiku, kwangu, kinywa ni kitupu tena.
Karatasi ya bei nimeikunja ndani ya mkoba.
Ulimi unapanda, unatafuta, unakosa,
unapanda tena.
Kesho nitamwita Famau mbele
aniambie lake limefika wapi.