Mkono wa Kushoto

Ni ndogo kama kiatu kipya cha Idi,
nyekundu ya tungule iliyoiva jana.
Imeshuka Mkoani, karatasi za Kijapani bado kiooni,
na Shaame wa yadi ya Machomane
ananiuliza mara mbili:
"Mwalimu, hii ya gia. Utaiweza?"

Baba alikuwa dereva wa lori la karafuu.
Kaka zangu wanne aliwafunza, mmoja mmoja,
uwanjani Gombani, alasiri za Jumapili.
Mimi nilikaa nyuma, juu ya magunia,
nikazisoma gia kwa masikio:
ya kwanza yakoroma,
ya pili yalalama,
ya tatu yapata sauti ya mtu aliyeshiba.
Nyumbani, jikoni, mwiko ndio ulikuwa gia yangu.
Kifuu, klachi.

Sikumwambia Shaame hayo.
Nilibana mtandio kwa pini tatu, nikaketi,
au niseme nilishuka,
maana kiti chake kiko chini kama mbuzi ya kukunia nazi.
Paa la turubai tulilikunja
kama mkeka wa maulidi watu wakishaondoka.

Kwanza ikazima.
Pale pale, mbele ya vijana wa bodaboda.
Ikazima tena.
Shaame akatazama saa ambayo hakuivaa.
Mara ya tatu mguu ukakumbuka kifuu.

Nambieni, mnaojua:
mkono huu wa kushoto,
ulionyimwa sahani, ulionyimwa salamu,
uliochapwa rula kwa kushika kalamu,
nani aliufunza upole huu?
Unashika kirungu, unasukuma, unavuta,
na gari nzima inauitikia: labeka.

Gombani ikapita. Upepo ukaingia masikioni bila hodi.
Kilima cha Ole nilikianza kwa ya tatu,
nikakimaliza kwa ya pili, kwa adabu,
nikateremka nacheka peke yangu,
Shaame kaushika mlango
kama mtu anayeng'olewa jino.
Kwenye tuta, tumbo la gari likakwaruza: kwaaa.
"Utalipa!"
"Nitalipa."

Kisha mvua.
Si ile ya kubisha hodi. Ya kumwagwa.
Kando ya barabara majamvi ya karafuu,
jua la siku tatu limo ndani yake,
na Bi Mafunda na mjukuu mmoja tu
wanazoa kwa viganja, wanapakata.

Nilikanyaga vyote viwili, klachi na breki.
Shaame akapiga kelele za paa, paa!
"Shuka kwanza," nikamwambia.
"Viti ni viwili, na karafuu ni wageni."

Tukazoa. Pakacha kitini pake, gunia kitini pangu,
zilizobaki ndani ya kanga ya bibi,
pale nyuma, padogo kwa mtoto, pakubwa kwa karafuu.
Ndipo tukavuta turubai, likajifunga kwa mlio mdogo,
tiki,
gari ikawa ghala.
Sisi wanne tukabaki nje, tunarowa,
tunaitazama kama mgonjwa aliyepata usingizi.

Ilipoanuka, Bi Mafunda alikagua karafuu, akatafuna moja,
akalizunguka gari.
"Kijumba chenyewe kidogo," akasema,
"lakini hakivuji."

Tulirudi polepole. Shaame kimya,
maji yanamdondoka puani.
Machomane akanusa kiti, akanusa usukani.
"Itanuka karafuu mwaka mzima hii."
"Basi ongeza bei," nikamjibu,
maana sina hata nusu yake,
na yeye alijua tangu asubuhi
alipokubali kunipa ufunguo.

Nikamrudishia.
Akasita kuupokea. Nilikuwa nimemnyooshea wa kushoto.
"Niwie radhi, Shaame," nikasema.
"Leo huu ndio mkubwa wa nyumba."