Nane ni Swali

Ukumbi wa Kaloleni ulikuwa na taa mbili, moja ikikonyeza.
Humo nilishinda mara tatu mfululizo:
jiko la gesi, simu yenye tochi,
na bahasha ambayo mwenyekiti aliitoa nusu.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa na kumbukumbu ya mkopeshaji.
Kila karata iliyoshuka niliisajili kichwani:
saba ya shupaza imepita, ree ya kopa bado,
na Ambani ana tatu, anangoja nijichome,
maana gumba lake linasugua ukingo wa kiti.

(Ambani si jina lake. Nitafika huko.)

Sheria zetu hazikuandikwa popote.
Mbili, okota mbili. Tatu, okota tatu.
Mfalme huurudisha mchezo ulikotoka.
Nane ni swali, na aliyeuliza ndiye hujibu;
akikosa jibu, aokote.
Ukibakiwa na moja, tangaza: niko kadi.
Ukinyamaza, hata ukimaliza
hujamaliza.

Siku hizi naandika habari za mitambo.
Gorofa ya nne, Barabara ya Ngong,
napima betri kwa video ya mvua inayojirudia,
nasoma masharti yale ambayo nyote mnabonyeza "nakubali"
kabla chai haijapoa.
Mama huwaambia majirani natengeneza simu.
Nimechoka kumsahihisha.

Mwezi wa Julai, baridi kali, hoteli moja Upper Hill,
sambusa ndogo kama kucha.
Mkurugenzi alisema mashine yao inajifunza yenyewe.
Yenyewe, akasema tena.
Nilihesabu, ni mazoea: mara sita,
na kila mara aliizungusha pete yake.

Nikamwona Ambani huko Umoja, zamu ya usiku,
feni ikimpulizia vumbi lake mwenyewe,
akichora visanduku kuzunguka mbwa, viatu, taa za barabarani
za miji ambayo haitampa viza.
Picha ya elfu nne. Ya elfu nne na moja.
Macho yaliyojua karata hamsini na mbili kwa migongo yao
yakimwonyesha mtoto wa chuma
huyu ni mtu, hiki ni kivuli cha mtu.

Nikainua mkono. Nikaiweka nane mezani:
"Nani anaifundisha, na mnamlipa shilingi ngapi?"
Mkurugenzi akacheka. "Swali zuri," akasema,
na hapo ukajua anaokota.

Nilipanda ngazi za Umoja nimevimba kichwa.
Ambani alikuwa anafua soksi kwenye karai.
Nikamsimulia yote, hadi ile pete.
"Safi," akasema. "Na wewe ulijibu?"
"Nijibu nini?"
"Nane umeiweka wewe."

Akakamua soksi. Akaianika dirishani.

Tukakaa mpaka saa kumi, maji yaliporudi mferejini.
Alihesabu, nikaandika:
picha ngapi kwa saa, senti ngapi kwa picha,
dakika ngapi za choo,
na wiki ile walipowaletea picha za aina nyingine.
Hiyo hakuihesabu.
Alisugua ukingo wa kiti kwa gumba
na kwa mara ya kwanza maishani
sikutaka kujua ameshika nini.
"Jina langu usiliweke," akasema.
Sikuliweke kule. Silieki hapa.

Asubuhi mhariri alipiga simu.
Kampuni imenunua ukurasa mzima wa tangazo,
kwa hiyo tupunguze makali kidogo,
tuondoe hili, na hili, na zile senti.
Aliondoa akiwa hewani, nikimsikia akibonyeza,
aya baada ya aya,
hadi ikabaki moja, ile ya soksi dirishani,
ambayo labda aliiona haina madhara.

Nikavuta pumzi.
Nikasema kwa sauti, kama sheria inavyotaka:
"Niko kadi."

"Uko nini?" akauliza.