Herufi Yenye Mkia

Kompyuta kumi na mbili zilifika mwezi wa kumi
zimevikwa plastiki, juu ya lori la makaa.
Utepe ukakatwa. Picha zikapigwa.
Mkuu wa wilaya akabonyeza kitufe kimoja, kwa kidole kimoja,
akapigiwa makofi,
akateremka bondeni kabla barabara haijaganda.

Kisha kufuli.
"Zisije zikaharibika," alisema mhasibu,
na kwa miezi mitatu hazikuharibika hata kidogo:
zililala ndani ya plastiki, safi kama sahani za wageni,
na upande wa pili wa ukuta watoto wakakariri:
kipanya ni kifaa cha kuingizia,
kipanya ni kifaa cha kuingizia.
Mmoja akauliza: kuingizia wapi?

Mwalimu ni Asylkan, wa lugha na fasihi.
Somo hili alitwishwa kwa kuwa aliwahi
kufanya kazi benki, miezi minne, kule Naryn.
Hakuliomba. Mshahara haukupanda.
Mwezi wa pili alichoka kuandika barua,
akachukua bisibisi ya mumewe, akafungua skrubu za komeo;
kufuli likabaki limefungwa vizuri kabisa,
likining'inia bila mlango.

Baridi ishirini chini ya sifuri.
Jiko la samadi kavu linatoa moshi kuliko joto.
Watoto watatu kwa mashine moja, glavu zimekatwa ncha;
umeme unakuja saa nne,
unaondoka unapojisikia.
"Andikeni majina yenu," alisema Asylkan.
Hilo tu.

Tang'suluu ana miaka kumi na mitatu.
Vidole vyake vinajua kukamua farasi, havijui kibodi.
Akatafuta. T ipo. A ipo.
Halafu ile sauti ya puani, ambayo sisi huku
huiandika kwa alama tatu: n, g, na kitone kinachoelea,
na wao kwa moja tu, n yao iliyoota mkia.
Kibodi zilitengenezwa kwa lugha ya wengine.
Mkia haukuwamo.
"Mwalimu, mashine hainijui."

Tang' ni alfajiri.
Tan, bila mkia, ni amri: kana!
Asylkan alitazama kibodi, akatazama dirisha lenye barafu,
akasema, "Sijui."

Siku tisa.
Kila umeme ulipokuja msichana alifungua mlango mwingine
ndani ya mashine: mipangilio, saa, sauti, lugha,
orodha ndefu ya lugha za watu
ambao hakuwahi kusikia kwamba wapo,
akateremka, akateremka,
akaikuta ya kwao
imekaa kimya, haijawekewa tiki.
Kidole gumba kikashika kitufe cha chini, kulia;
cha pili kikagonga n.
Mkia ukaota.
Darasa zima likapiga ukelele kama kondoo ametoroka,
kila mtu akitaka kuota mkia wake,
dakika kumi na mbili, kisha giza.

Mwezi wa nne kuna mashindano wilayani.
Watoto wa mjini wana mashine hadi chumba cha kulala.
Tang'suluu atakwenda na dakika mia moja na arobaini,
ndizo zote alizowahi kugusa kibodi;
Asylkan amezihesabu, kwenye daftari la maziwa.

Fomu ya wizara inauliza: ngapi zimepokelewa?
Ngapi zinafanya kazi?
Haiulizi lingine.
Akaandika kumi na mbili, akaandika nane,
akaisukuma pembeni,
akatoa chupa ya rangi ya kucha, nyekundu,
iliyobaki kwenye harusi ya mdogo wake,
na kwa kijiti cha kiberiti akachora mkia
kwenye kila n, kibodi baada ya kibodi, akipuliza.
Ya saba mkono ulitetemeka kwa baridi,
mkia ukatoka mrefu, ukagusa herufi ya jirani.
Akauacha hivyo hivyo.