Mlio wa Kushoto

Muhenna kalileta lori la maji saa sita,
sanaiya ya Ibra, mabati yanachemka.
"Linagonga," kasema, "mbele, kushoto.
Nikipanda tuta, ko. Nikishuka, ko-ko.
Na shokamzoba inavuja. Badilisha, niende."
Kiswahili cha Bujumbura, haraka ya hapahapa.

Sikujibu. Nikatandika katoni, nikaingia chini.
Vumbi la Sharqiya halijui kusema uongo:
hung'ang'ania penye unyevu tu.
Hapo lilikuwa limeganda kama ukoko wa sufuria,
jeusi, la miezi.
Nikalifuta kwa tambara mpaka chuma kikaonekana.
"Nenda mpaka sheli, urudi."

Karudi. Nikapitisha kidole.
Tone moja, rangi ya asali.
Kweli inavuja.
Lakini tone halina sauti.

Nikamwita Zahran na mtaimbo,
aisukume springi kidogo, tena kidogo,
kiganja changu kwenye pini
kama anayepima homa ya mtoto.
Hapo. Nilikisikia mfupani: ko.
Bushi. Mpira umepasuka,
mkavu kama ndimu ya kuanikwa.

Kinachovuja kimenyamaza,
kinacholia hakina hata tone.

"Sasa kipi kinaniumiza?"
"Vyote. Ila bushi ni riali nne,
shokamzoba ingoje mshahara."

Kacheka, kakaa juu ya tairi kuukuu.
Kisha, bila kuulizwa,
akaanza kunieleza habari za mkewe,
na mimi, spana mkononi,
nati imegoma,
nikalala palepale nikimsikiliza.