Majibu kwa Bi Thibodeaux, Kabla Meli Haijafika Kosumeli

Bi Marguerite Thibodeaux,
maswali yako arobaini na moja nimeyapata,
nimeyasoma jikoni maharagwe yakichemka,
na la kumi na tisa likaniunguzia chungu.

Nianze na mepesi.
Gari lina viti saba, na mikanda sita inafunga vizuri;
wa saba hufunga ukibembelezwa, huo nitaufunga mimi.
Vyoo vipo. Cha pwani ya mashariki mlango wake ni pazia.
Samaki hawatiwi karanga, Remy ale ashibe,
ila mchuzi mweusi wa jirani yangu asiulambe hata kidoleni:
una karanga, na jirani ameapa hauna.

Umeuliza kama kasa wamehakikishwa.
Bibi, mimi nakuhakikishia maji.
Nahodha wa mashua analipwa, anakuja;
kasa halipwi na mtu.
Kuna siku huja watatu, wanapita chini ya matumbo ya watoto
kama wanaotafuta kitu walichokiangusha;
kuna siku ni mchanga tu, na soksi ya mtu.

Magofu: ndiyo, lakini mapema,
jua halijawa na neno na mtu.
Kiti cha magurudumu kitapita mpaka tao la pili,
baada ya hapo ni mizizi.
Mijusi wa pale ni wakubwa, rangi ya mawe.
Mdogo wako Clovis atamkalia mmoja. Huwa wanakaliwa.

Binti yako Odile aliniandikia pembeni, usimgombeze:
"Kuna mahali pa kukaa bila kuongea na mtu?"
Nimempatia. Ukuta wa mnara wa taa, upande wa upepo;
ukisema neno pale, hata wewe mwenyewe hulisikii.

Hili sasa lisome mara mbili.
Saa ya meli si saa ya kisiwa.
Simu zenu zikigusa nchi kavu zitajirekebisha kimyakimya,
zitawadanganya kwa adabu.
Mmoja avae saa ya mkono, ya zamani, isiyojua lolote,
iache kama ilivyokuwa mezani kwenye kifungua kinywa.
Wale wanaokimbia gatini tunawajua: viatu mkononi,
na wenye maduka huwapigia makofi.
Mimi sipigi. Mwaka juzi mmoja wao alikuwa mgeni wangu.

Ratiba yako nimeiona, nzuri, umeitia rangi.
Kila robo saa ina kazi yake.
Kati ya saa sita na saa saba umeandika "furaha".
Samahani, nimefuta. Nimeandika "kivuli".

Nawarudisha saa tisa na nusu, saa ya meli, bila mjadala.
Si kwa ajili ya meli peke yake.
Anayemshika mama yangu huondoka saa kumi.

Ambayo inanileta kwenye la kumi na tisa.
Uliandika: "Baba mkwe wangu, mzee Alcide,
atauliza tuko wapi kila baada ya dakika kumi.
Je, utachoka?"

Mama huniuliza mimi ni nani
huku nikimsuka nywele.
Namwambia, Nohemí. Anasema, jina zuri.
Dakika kumi, namwambia tena, na jina ni zuri tena.

Basi mkalishe mzee mbele, karibu yangu,
dirisha nusu, kofia magotini.
Atauliza, nitamjibu: Kosumeli, don Alcide.
Atauliza: Kosumeli.
Nina sauti ya kutosha mpaka gatini.

La arobaini na moja, "Tutakutambuaje?"
Piteni wale wenye mabango ya kung'aa, wenye fulana za aina moja.
Nitakuwa nyuma yao, karibu na mashine ya barafu,
nimeshika kifuniko cha boksi la sabuni.
Jina lenu nimeliandika mara tatu
na mara zote herufi zimenizidi.
Mkiona jina linalokaribia kuwa lenu,
ndimi.